Shokapu za Mlango wa Nyuma wa Gari

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, Sumbawanga)



Kamati iliniandikia kwamba nizungumze kwa nusu saa juu ya maendeleo ya Mkoa wa Rukwa. Niliijibu kwamba juu ya jambo hilo mtawasikia wengi, tena wenye takwimu nyingi kuliko mimi, na nikaomba ruhusa nizungumzie kitu kidogo tu: vile vyuma viwili vyembamba, mfano wa pampu za baiskeli, vinavyouinua na kuushikilia mlango wa nyuma wa gari. Ndugu Mwenyekiti alidhani ninafanya mzaha. Nilipomweleza sababu akakubali, na sababu yenyewe ni hii.

Julai moja, miaka michache iliyopita, watumishi watatu wa ofisi moja, ambayo sitaitaja, walikwenda Kasanga kwa kazi ya siku mbili. Gari lao lilikuwa la zamani, la aina ile ambayo mlango wa nyuma ni mmoja na hufunguka kwenda juu. Shokapu za mlango huo zilikwisha kuchoka, na kila mtu ofisini alijua. Ndiyo maana ndani ya gari kulikuwa na gongo la mti la kuuegemeza. Basi kule Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, mlango ukasimama wenyewe. Mchana ukasimama, jioni ukasimama. Siku ya pili hakuna aliyelikumbuka gongo. Wakarudi Sumbawanga usiku. Kesho yake, saa 12 asubuhi, mmoja wao akafungua ili ateremshe mizigo. Mlango ukapanda, ukatulia kidogo, naye akainama ndani. Ndipo ulipomshukia. Kitasa kilimchana kisogoni, akashonwa mishono 7, na shingo ikamsumbua mpaka mvua za Novemba zikaanza. Mlango wa namna hiyo una uzito wa kilo 20 na zaidi. Fikiria ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ikikuangukia kutoka juu ya kichwa chako.

Maneno yaliyosemwa baadaye mnaweza kuyakisia. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliuliza itakuwaje mlango usimame siku mbili Kasanga kisha uanguke Sumbawanga, na wote tunajua mgeni hulitafsiri vipi jina la mji wetu. Nilimwambia kwamba uchawi hauhusiki hapa. Jambo hili liko katika fizikia ya Kidato cha Tatu. Ninyi vijana mlio mbele, mtoe kalamu.

Shokapu ya mlango wa nyuma, kama mafundi wetu wanavyoiita, ni bomba la chuma lililofungwa, na ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu nyingi, pamoja na oili kidogo. Kutoka mwisho mmoja inatokea fimbo ya chuma laini inayong'aa. Fimbo hiyo ina pistoni ndani, lakini pistoni ina vitundu, kwa hiyo gesi iko pande zote mbili na kanieneo ni ile ile. Hapa wengi hupotea. Hudhani kwamba gesi inaisukuma pistoni kama katika injini. Sivyo. Kwa kuwa kanieneo ni sawa pande zote za pistoni, kinachobaki kusukumwa nje ni fimbo peke yake, kwa kadiri ya unene wake. Pistoni na oili kazi yao ni kupunguza mwendo, mlango usipande kwa kishindo.

Tufanye hesabu. Fimbo ya kawaida ina kipenyo cha milimita 8, yaani eneo la milimita za mraba 50 hivi, au nusu ya sentimita ya mraba. Ikiwa shokapu inasukuma kwa nyutoni 500, basi kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nyutoni 1,000. Hiyo ni karibu mara 100 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka kule pwani. Tairi la gari dogo hujazwa kiasi cha mara 2 na nusu tu. Kumbe kile kijibomba kina kanieneo mara 40 ya tairi. Naomba mlishike hilo, kwa sababu nitalirudia nitakapofika kwenye mafundi chuma.

Kwa nini nyutoni 500, na kwa nini ziwe mbili? Hapo ni habari ya wenzo. Chukua mlango wa kilo 25, yaani nyutoni 250 hivi, ambao uzito wake unakaa sentimita 50 kutoka kwenye bawaba. Shokapu haiwezi kufungwa mbali hivyo. Hufungwa karibu na bawaba, na umbali wake wa kusukumia ni kama sentimita 12 na nusu. Zidisha 250 kwa 50, gawanya kwa 12 na nusu, utapata 1,000. Nyutoni 1,000 kwa shokapu mbili, 500 kwa kila moja. Magari hutofautiana, lakini mfano huu hauko mbali na ukweli.

Sasa turudi Kasanga. Gesi iliyofungiwa ndani ya chombo, ikipoa, kanieneo yake hupungua, na hupungua kwa uwiano wa halijoto inayohesabiwa kwa Kelvin, yaani nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273. Kasanga iko kando ya ziwa lililo kwenye mwinuko wa mita 773 hivi. Mchana nyuzi 30 ni jambo la kawaida, yaani 303 za Kelvin. Sumbawanga tuko karibu mita 1,800. Asubuhi ya Julai, mnajua wenyewe jinsi vidole vinavyouma mnapokwenda kunawa; tuseme nyuzi 8, yaani 281. Gawanya 281 kwa 303. Shokapu iliyokuwa na nguvu 100 kule ziwani inabaki na nguvu 93 hapa. Mlango nao haupungui uzito hata chembe. Kwa hiyo shokapu zilizochakaa, ambazo kule Kasanga zilifikia nyutoni 1,000 kwa shida, hapa zilitoa 930 tu. Msuguano wa bawaba na mipira uliushikilia mlango kwa muda mfupi, ndiyo maana ulitulia kwanza, kisha ukashuka.

Kijana mwerevu atauliza: je, si mwinuko wenyewe, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi? La. Hewa nyepesi ingeisaidia shokapu, kwa kuwa kinachoizuia kutoka nje kimepungua. Na msaada wenyewe ni kama nyutoni 1, haufai kitu. Kosa ni la baridi.

Haya nayasema kwa sababu sisi wa Ufipa tunaishi juu ya meza. Upande huu tunateremkia Ziwa Tanganyika, upande ule tunateremka Ntendo kwenda Muze katika Bonde la Rukwa, na kwa saa chache gari linatoka kwenye makoti na kuingia kwenye jasho. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kukaa miaka miwili na shokapu zilizochoka bila kudhurika. Mtu wa hapa anadanganywa na gari lake kila akirudi nyumbani. Mimi nashauri shokapu zipimwe alfajiri tu, gari likiwa limelala nje usiku kucha. Ukizipima mchana mbele ya gereji, gari limekaa juani, hujapima kitu.

Si magari yote yanayohusika. Zile Land Cruiser za kazi ambazo milango yake ya nyuma hufunguka kwa pembeni hazina habari hii. Wanaohusika ni wenye X-Trail, Harrier, zile Land Cruiser kubwa za VX ambazo kipande cha juu hupanda na cha chini hushuka, na hasa hasa wenye Noah za abiria, ambazo mlango wake wa nyuma ni mkubwa kama mlango wa banda, na ambazo konda huinama chini yake labda mara 30 kwa siku. Magari haya mengi hutufikia kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika miaka mingi. Nasi tunayaongezea miaka mingine mingi.

Kinachochakaza shokapu ni mpira wa sili, ule unaoibana fimbo pale inapotokea. Wazee wetu waliofua chuma hapa Ufipa waliujua ugonjwa huo kwenye mivukuto: ngozi ikipasuka, ukipuliza mpaka jioni moto hauwaki. Gesi hupita kwenye sili kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, hata shokapu ikiwa haitumiki sana. Vumbi letu jekundu huongeza kasi, kwa sababu hushika kwenye fimbo na kuukwaruza mpira kila mlango unapofungwa. Kwa hiyo futa fimbo kwa kitambaa kikavu na laini, basi. Usiipake grisi. Najua wengi wenu mmefundishwa kwamba kila kinachosogea kinataka grisi, lakini hapa grisi inakusanya vumbi na kulipeleka moja kwa moja kwenye sili.

Dalili ni nyepesi kuziona. Mlango unapanda nusu na kutaka kusaidiwa. Au unapanda wote kisha unashuka polepole kama mtu anayesinzia. Au fimbo ina unyevu wa oili. Ukiona oili imetoka, usisubiri baridi ya Juni.

Hapa niseme neno juu ya gongo. Silikatai kama msaada wa siku moja. Nalikataa kama samani ya kudumu ya gari. Gongo huteleza upepo unapovuma, na upepo wa huku haujali mtu. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba linategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Mafundi wengine hubana fimbo kwa plaizi ya kujifunga ili mlango usishuke. Hiyo ni mbaya kuliko gongo: meno ya plaizi yanaikwaruza fimbo, na baada ya hapo sili inachanika. Kama umekwama njiani, pasua kipande cha bomba la plastiki gumu kwa urefu, likate lilingane na sehemu ya fimbo iliyo nje, ulivishe kwenye fimbo mlango ukiwa juu. Litakufikisha nyumbani. Ukifika, livue, ukatafute shokapu.

Kuzitafuta ndiko kwenye kazi kuliko kuzifunga. Ubavuni mwa bomba huandikwa namba, na miongoni mwake kuna nguvu yake kwa nyutoni, kwa mfano 500N. Mara nyingi maandishi yamefutika. Basi pima urefu wa shokapu ikiwa imetoka yote, kutoka katikati ya kichwa kimoja mpaka katikati ya kingine. Pima sehemu ya fimbo inayoonekana. Angalia namna vichwa vilivyo, kama ni vya gololi au vya bolti. Andika vipimo hivyo pamoja na aina na mwaka wa gari, umpe mtu anayekwenda Mbeya au Kariakoo. Usimwambie "niletee za X-Trail" ukaishia hapo, kwa sababu jina moja la gari lina matoleo mengi. Usidhani pia kwamba nguvu zaidi ni bora zaidi. Shokapu zenye nguvu kupita kiasi huukunja mlango na kuzichosha bawaba, na mama mwenye mwili mdogo hushindwa kuufunga.

Zipo mpya na zipo za mtumba, zilizofunguliwa kwenye magari yaliyovunjwa. Za mtumba nazitilia shaka kwa sababu moja: huenda zina umri sawa na hizo unazozitupa. Lakini najua mifuko yetu, kwa hiyo nitawapa njia ya kuzipima. Tafuta mzani wa jukwaa, ule wa kupimia magunia ya mahindi. Weka kipande cha ubao juu yake, simamisha shokapu fimbo ikiwa chini, shika bomba imara kwa mikono miwili, kisha iegemee polepole mpaka fimbo ianze kuingia. Wakati inaingia soma mzani. Nyutoni 500 ni kilo 51. Ukisoma 50 au zaidi kidogo, nunua. Ukisoma 35, mrudishie mwenye duka kwa heshima. Pima zote mbili, nazo zilingane.

Nilisema mbili, na siondoki hapo. Fundi atakwambia upande wa kulia bado mzima, tubadili wa kushoto. Ukikubali, upande mmoja wa mlango utasukumwa kuliko mwingine kila siku, mlango ujipinde, kitasa kianze kugonga, na ile nzima ya zamani ifuate mwenzake baada ya muda mfupi.

Kuzifunga ni kazi ya nusu saa. Magari ya serikali yana utaratibu wake wa matengenezo kupitia TEMESA, kwa hiyo nisisikike nikiwaambia madereva wa serikali wafungue magari kiholela. Nasema juu ya gari lako mwenyewe. Liweke mahali tambarare, pasipo na upepo. Fungua mlango mpaka mwisho. Hapa gongo lina kazi yake halali: liegemeze mlango kwenye sehemu ya chuma, si kwenye kioo wala plastiki, na pamoja na gongo awepo mtu wa kuushika mlango, asiyekuwa na simu mkononi. Gongo bila mtu halitoshi, kwa kuwa utakuwa unatikisa gari.

Katika magari mengi kila kichwa cha shokapu ni kikombe kinachobana gololi ya chuma, na kikombe hicho kina kibanio cha waya au cha bapa. Ingiza ncha ya bisibisi ndogo chini ya kibanio, ukiinue kidogo tu, milimita 3 au 4, kisha uvute kikombe kitoke kwenye gololi. Usiking'oe kibanio chote, kitaruka majanini nawe utaimaliza asubuhi ukikitafuta. Magari mengine mwisho mmoja hufungwa kwa bolti. Hapo ni spana, na kila bolti irudi kwenye tundu lake. Toa shokapu moja, funga mpya mahali pake, ndipo uende upande wa pili. Gololi unaweza kuipaka grisi kidogo, hiyo haidhuru. Mpya isukume mpaka usikie "ta!", kisha uivute kwa mkono uhakikishe imeshika.

Angalia mwelekeo. Mlango ukiwa umefungwa, fimbo ielekee chini, ili oili iliyo ndani ikae juu ya sili na kuilainisha. Nimeona shokapu mpya kabisa zikifa mapema kwa sababu zilifungwa kichwa chini miguu juu. Kama huna hakika, tazama ile ya zamani ilivyokaa kabla hujaigusa.

Usiufunge mlango kabla ya zote mbili kushika. Mara ya kwanza ufunge polepole huku ukitazama kama kuna kinachogusa. Na siku hiyo hiyo waambie wa nyumbani, hasa watoto, kwamba mlango umebadilika. Mlango uliokuwa ukisinzia sasa utapanda kwa kasi, na kidevu cha mtoto kiko pale pale njiani.

Jambo la mwisho ni zile za zamani, na hili nawaambia kwa uzito wote. Fimbo ya shokapu ni chuma kizuri, kigumu, kimenyooka. Fundi chuma yeyote wa mnadani akiiona ataitamani kwa patasi au kisu, kama anavyozitamani springi za malori. Lakini springi ya lori haina kitu ndani. Shokapu iliyoshindwa kuinua mlango bado ina gesi. Hata ikiwa imebaki na nusu ya nguvu yake, hiyo ni mara 50 ya kanieneo ya hewa, na joto la moto wa mkaa huizidisha mara kadhaa. Ikitiwa motoni inapasuka kama risasi. Isikatwe kwa msumeno, isichomelewe, isitobolewe na mtu asiyefundishwa, isitupwe kwenye shimo la takataka linalochomwa moto, wala asipewe mtoto achezee. Wapo wanaojitangaza kwamba wanaijaza gesi upya kwa kuitoboa. Mimi siwapelekei zangu. Za kwangu nimezifunga pamoja kwa waya, nimeandika kwa rangi nyekundu GESI, USICHOME, na nimezihifadhi juu ya kabati mpaka nitakapokwenda kwenye gereji yenye vifaa vya kuzitoa gesi.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa. Gari langu liko nje, karibu na jiko, na shokapu zake mpya ziko ndani ya karatasi, sijazifunga kwa makusudi. Mzani tumeazimwa na bohari ya shule. Naomba vijana wawili warefu wa kushika mlango, na mmoja wa kusoma kilo kwa sauti.